Leza au lenzi: historia ya kumtibu asiyeona mbali

Mtu asiyeona vyema vitu vya mbali aghalabu ana jicho refu kuliko kawaida. Nuru hukutana kabla ya kuufikia utando wa nyuma ya jicho, na sura ya kitu huwa na ukungu. Kwa karne nyingi tiba yake ilikuwa miwani. Katika karne ya 20 madaktari walithubutu kulipasua jicho lenyewe, na njia mbili zikazaliwa.

Njia ya lenzi chimbuko lake ni vita. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, daktari Mwingereza Harold Ridley alibaini kuwa vipande vya plastiki ya vioo vya ndege, vilivyoingia machoni mwa marubani, havikuleta uvimbe. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, alimwekea mgonjwa wa mtoto wa jicho lenzi ya plastiki hiyo. Katika miaka ya 1950, madaktari wa Ulaya, akiwemo Benedetto Strampelli wa Italia, walijaribu lenzi kama hizo kwa wasioona mbali, bila kuondoa lenzi ya asili. Nyingi ziliidhuru konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, zikalazimika kutolewa.

Wengine waliishughulikia konea yenyewe. Nchini Japani, Tsutomu Sato aliichanja ili kupunguza mbinuko wake. Baada ya miaka mingi, konea za wagonjwa wake wengi zilivimba na kupoteza uangavu.

Mwaka 1981 wanasayansi wa kampuni ya IBM nchini Marekani, wakijaribia mabaki ya nyama ya bata mzinga, waligundua kuwa leza ya miali ya urujuanimno hukata nyama bila kuunguza kando yake. Mwaka 1988 daktari Marguerite McDonald aliitumia kurekebisha jicho la mtu asiyeona mbali. Muda mfupi baadaye Ioannis Pallikaris wa Ugiriki aliendeleza njia ya LASIK: kufunua tabaka jembamba la konea, kuchonga chini yake, kisha kulirudisha.

Lenzi nazo ziliboreshwa. Marekani iliidhinisha aina mbili za kuwekwa mbele ya lenzi ya asili, mwaka 2004 na 2005.

Tofauti kubwa iko hapa. Leza huondoa sehemu ya konea, ambayo unene wake katikati ni kama nusu milimita tu, na kilichoondolewa hakirudi. Kwa hiyo mwenye konea nyembamba, au tatizo kubwa mno, hushauriwa lenzi, ambayo yaweza kutolewa. Lakini lenzi humlazimu daktari kuingia ndani ya jicho, na yaweza kuleta mtoto wa jicho au kupandisha shinikizo. Leza kwa upande wake huweza kuacha macho makavu na mng'ao wa taa usiku.

Wala hakuna kati ya hizo inayofupisha jicho. Hatari ya utando wa nyuma kubanduka hubaki palepale, na anayeona vizuri baada ya upasuaji bado anahitaji kupimwa macho mara kwa mara.