Tripodi Kando ya Safari Rally

Nilijifunza kupiga picha Homa Bay kwa kamera ya Yashica ya marehemu baba, kisha nikafungua studio ndogo Migori. Safari Rally, mashindano ya magari ya Kenya, tuliifuata redioni. Ilianza 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Dereva Joginder Singh akaishinda 1965, 1974 na 1976. Lakini rally ina hatari kwa watazamaji pia: mwaka 1986, katika rally ya Ureno, gari la mashindano liliwaparamia watazamaji, watu 3 wakafa. Magari ya Group B, daraja la magari yenye nguvu mno, yakaondolewa mwaka uliofuata.

Mashindano ya dunia ya rally yaliporudi Kenya 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, nilipanda basi la usiku hadi Naivasha. Nikiwa pale vumbini kati ya watazamaji, nikakumbuka ajali ya Ureno, nikawaza: tripodi yangu ikimwangukia mtoto na kumvunja mguu, nani atalipa? Bima ya lazima ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya ni ya madhara ya gari barabarani. Ya tripodi yangu haiyajui. Deni lingekuwa langu, na studio ingeuzwa.

Vijana wa kamera wa Migori na Homa Bay, undeni chama, mkate kwa pamoja bima ya dhima, ile inayolipa ukimdhuru mtu mwingine, kabla ya kwenda tena Naivasha.