Damu Isiyopimwa: Hedhi Nzito kutoka Mkole hadi Mlimani

Kabla Msimbazi haijawa jina la mtaa wa maduka jijini Dar es Salaam ilikuwa mto, na mto huo bado upo, unashuka kutoka vilima vya Pugu hadi baharini. Wazaramo wa pande hizo walikuwa na desturi iliyojulikana na kila mama: binti akivunja ungo, anawekwa ndani. Anakuwa mwali. Anapewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, akilee kama mtoto. Somo, yaani kungwi wake, anamfunda jinsi ya kujisitiri. Siku ya kutolewa anachezwa penye mti wa mkole. Wapo waliokaa ndani miezi, wapo waliokaa miaka. Sitamani kifungo kile kirudi. Lakini ndani ya chumba kile palikuwa na mtu mzima aliyeijua damu ya binti, siku ilipoanza na siku ilipokoma, na binti hakulazimika kumficha.

Mji ulipotandaa, desturi ikahamia uani. Waingereza waliitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, na mahali palipokaa wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, wenyeji wakapaita Kariakoo. Bibi Titi Mohamed alizaliwa katika mji huu mwaka 1926. Alipokua aliwekwa ndani, na alipofika umri wa miaka 14 hivi akaozwa. Ni yeye huyo aliyekuja kuwaongoza wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru, kuanzia 1955, akiwatoa majumbani kupitia vikundi vya ngoma. Kwa wasichana wengi wa kizazi chake, damu ya kwanza ndiyo iliyofunga daftari.

Kisha daftari likafunguliwa, tena hapa hapa. Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo, kilianza Chuo Kikuu kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Shule ya udaktari ilifunguliwa 1963 katika hospitali ambayo leo ni Muhimbili, na Chuo cha Elimu ya Biashara kikafuata mwaka 1965. Binti ambaye bibi yake alifungiwa chumbani sasa anapanga chumba Kariakoo, Ilala au ng'ambo ya mto kule Magomeni, na asubuhi anagombea daladala kuwahi kipindi.

Somo hakumfuata chuoni. Kilichosalia katika mafunzo yake ni siri: vaa nguo nyeusi, funga khanga kiunoni, weka pedi mbili. Hata neno sodo, ambalo zamani lilikuwa kitambaa cha hedhi na leo ni bidhaa ya dukani, linatamkwa kwa kunong'ona. Binti amefundwa kuificha damu. Kujua kama imezidi, hakufundwa.

Na elimu hiyo ipo. Mwaka ule ule wa 1926 aliozaliwa Bibi Titi, daktari Erik von Willebrand wa Finland aliandika habari za familia moja ya visiwa vya Åland yenye ugonjwa wa damu kutoganda vizuri. Binti yao wa miaka 13 alifariki kwa kutokwa na damu katika hedhi yake ya nne. Mwaka 1962, Utako Okamoto na mumewe Shosuke, watafiti wa Japani, walitangaza dawa ya tranexamic acid, ambayo huzuia damu iliyokwisha kuganda isiyeyuke. Miaka minne baadaye watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walipima damu ya hedhi: kwa wastani mwanamke hupoteza mililita 40 hivi, na anayevuka 80 yumo hatarini kuishiwa madini ya chuma. Maana yake, katika miaka ya mwanzo ya wasichana kupanda Mlimani, kipimo kilikuwepo na dawa ilikuwepo.

Upungufu wa chuma huingia polepole, ndiyo maana hautambuliki. Mwanafunzi anahema akipanda ngazi za hosteli. Anasoma ukurasa mmoja mara tatu na haushiki. Anatamani udongo, ule wa vijiti unaouzwa sokoni, na hamu hiyo mara nyingi ni mwili unaolilia chuma. Shoga zake wanamshauri anywe rozela. Anakunywa, kisha anashushia chakula kwa chai ya rangi, ambayo humzuia asipate chuma cha kwenye mboga. Likija sapu, yaani mtihani wa marudio, anajilaumu kwa uvivu. Mimi naona ni dhuluma kumwacha ajihukumu hivyo wakati hakuna aliyempima. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu wa damu. Malaria, minyoo na lishe duni vimo katika hesabu hiyo, na hedhi nzito nayo imo.

Mwaka 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi. Mwaka 2019 ikairudisha, ikisema bei madukani haikushuka. Ulikuwa mjadala wa haki, ila ulihusu pedi tu, na anayebadilisha pedi kila saa ana shida ambayo punguzo la bei haliiponyi.

Basi, binti unayesoma haya: ikiwa siku zako zinapita saba, ikiwa pedi inajaa ndani ya saa moja au mbili, ikiwa yanatoka mabonge makubwa kuliko sarafu au unaamka usiku kubadilisha, usingoje mtihani upite. Nenda ukapimwe wingi wa damu na akiba ya chuma, na uulize kuhusu uvimbe kwenye kizazi, tezi ya shingo na damu kutoganda. Hospitali ya Mnazi Mmoja haiko mbali na lile jengo la Lumumba. Nanyi waganga wa zahanati za vyuo, akija msichana analalamika kizunguzungu, kabla ya kumwandikia dawa ya malaria muulizeni kwanza hedhi yake ikoje.