Boksi Moja Halitoshi: Picha Zetu Zikae Wapi?

Mbarara aliwahi kuishi fundi seremala aliyekuwa pia mpiga picha, jina lake Musa Katuramu. Kuanzia miaka ya 1930 alikuwa akipiga picha za watu wa Ankole: walimu, watoto wa shule, maharusi, watu waliovaa vizuri wakasimama wima mbele ya nyumba zao. Negativu alizitunza, na alipoondoka duniani mwanawe akaendelea kuzitunza. Februari 1979, katika vita vya kumwondoa Idi Amin, majeshi ya Tanzania yaliingia Mbarara na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa. Negativu za Katuramu zikavuka. Baadaye mradi uitwao History in Progress Uganda, ulioanza 2011, ukazipiga skani na kuzionyesha watu.

Naanza na mzee huyu kwa sababu kikundi chetu cha vijana hapa Base Camp tumebishana miezi kadhaa juu ya swali lake hilohilo. Yuko kaka mmoja, mkimbizi kama sisi, anayepiga picha za harusi, ubatizo, mazishi, mechi za mpira, na siku zile watu wanapopanda basi la kwenda kuanza maisha Marekani au Canada. Amefanya kazi hiyo miaka mingi. Picha moja ya kamera yake, ile faili ghafi kabla haijapunguzwa, ni megabaiti 25 hadi 30. Harusi moja ya picha 2,000 inakula gigabaiti 50 na zaidi. Sasa ana kama terabaiti tatu, na zote zilikuwa kwenye diski mbili kuukuu ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Akatuuliza: nifanye nini?

Kwa mtu wa nje hilo ni swali la duka la kompyuta tu. Kwetu si hivyo. Nakivale imepokea watu tangu mwisho wa miaka ya 1950, walipoanza kuja Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959, na kambi yenyewe ilitambuliwa rasmi 1960. Baada yao wamekuja Wacongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Karibu kila nyumba hapa ina hadithi ya picha iliyobaki nyuma. Mtu wa Goma atakuambia ya tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji. Mwingine atakuambia ya vita. Ukikimbia unashika mtoto, godoro, sufuria. Albamu ni nzito, tena haina chakula ndani.

Lakini nilipowauliza wazee wenye picha za zamani walizipataje, jibu lilikuwa karibu moja: alikuwa nayo ndugu. Shangazi wa Kampala. Kaka aliyekuwa anasoma Nairobi. Zamani ukipiga picha studio ulichapisha tatu au nne na kuwatumia watu wa familia, ukaandika nyuma kwa kalamu: "Kumbukumbu ya ubatizo". Hakuna aliyeita hiyo bekapu, ila ndiyo ilikuwa. Kule Kigali, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari, kuna chumba cha picha za familia zilizotolewa na ndugu waliosalia. Fikiria kidogo picha ile ilikuwa wapi mpaka ikapona.

Turudi kwenye mashine. Wa kwanza kutushauri alikuwa fundi wa duka moja Mbarara. Alituambia tununue NAS. Ni boksi dogo lenye nafasi ya diski mbili au zaidi, linaungwa kwenye ruta, na kila mwenye kompyuta au simu kwenye waifai ile anaona mafaili yaliyomo. Bei aliyotutajia, pamoja na diski zake, ilikuwa karibu shilingi milioni mbili. Akasema: "Diski zikiwa mbili, moja ikifa nyingine inabaki, hampotezi kitu." Wenzangu walishangilia. Mimi niliomba tusome kwanza.

Wazo hilo la diski kufanya kazi kama ndugu lilipata jina 1988, pale watafiti watatu wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walipotoa andiko kuhusu RAID. Jina lenyewe lilisifu urahisi wa bei: badala ya diski moja kubwa ya gharama, chukua kadhaa za bei nafuu, uzipange ili moja ikiharibika kazi isisimame. Wazo zuri sana. Ila soma tena kazi yake: kazi isisimame. Mwizi akibeba boksi, anabeba diski zote mbili. Radi ikipiga, inapita waya mmoja. Mtoto akifuta folda ya harusi, inafutika kwenye zote mbili sekunde hiyohiyo, kwa utii mkubwa.

Tena kuna jambo la boksi lenyewe. Kuanzia 2007 wapiga picha wengi wa Ulaya na Marekani walipenda boksi liitwalo Drobo, kwa kuwa lilikuwa rahisi: unachomeka diski zozote, linajipanga. Lakini lilizipanga kwa namna yake lenyewe. Kampuni iliomba ulinzi wa kufilisika 2022, mwaka uliofuata ikafungwa. Mwenye boksi lililokufa hawezi kutoa diski akazichomeka kwenye kompyuta ya kawaida na kuona picha zake. Anatafuta boksi jingine la aina ileile, kuukuu. Katika nchi ambayo kipuri cha kawaida tu unakisubiri kitoke Kampala, hilo lilitutisha kuliko bei.

Wengine wakasema basi tupeleke wingu, yaani kwenye seva za makampuni makubwa huko mbali. Hesabu ikatukata mikono. Terabaiti tatu, kwa mtandao unaopandisha megabiti tano kwa sekunde, zinahitaji zaidi ya siku 55 bila kulala. Nani hapa anapata megabiti tano siku 55 mfululizo? Na bando analipa nani? Tangu Julai 2021 kuna ushuru wa asilimia 12 juu ya data Uganda. Januari mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima siku kadhaa. Na waliokuwa wakisifu wingu la bure wakumbuke kwamba Google Photos iliacha kuhifadhi bila kikomo bure tangu Juni 2021. Wingu nalo ni nyumba ya mtu. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la OVHcloud liliungua Strasbourg, Ufaransa, na wako wateja ambao nakala zao za akiba zilikuwa pale pale. Miezi michache kabla, Septemba 2020, tuliona jengo kuu la Makerere likiwaka usiku. Moto hauulizi kama wewe ni chuo kikuu au kibanda cha Rubondo.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliyeandika kitabu cha kutunza picha za kidijitali 2005, ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za vyombo, moja iwe mbali na nyumbani. Nilipoisoma kwa sauti kikaoni, mzee mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni akacheka. "Hiyo si ndiyo ya shangazi wa Kampala?" Ndiyo, mzee.

Lakini kuwa na nakala bila kujua ni za nini ni nusu ya kazi, na hapa historia ya Uganda ina mfano ambao haupaswi kusahaulika. Mwaka 2015, kwenye shirika la utangazaji la taifa, UBC, ilipatikana kabati yenye negativu kama 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi za enzi za Amin. Kuanzia 2018 watafiti wakashirikiana na UBC kuziskani, na 2019 zikaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho Kampala. Zilisomeka kwa sababu karani fulani, ambaye hakuna anayemwimba, aliweka negativu kwenye bahasha na kuandika juu yake tarehe na tukio. Bila karani yule zingekuwa nyuso elfu sabini zisizo na majina. (Na kitu kingine: mauaji ya enzi ile karibu hayaonekani ndani yake. Kabati hutunza alichotaka mwenye kabati. Ndiyo maana nataka na sisi tuwe na yetu.)

Negativu pia ina uvumilivu ambao faili haina. Iache ndani ya boksi miaka arobaini, ukiiinua juani utaona mtu. Diski ukiiacha miaka kumi ndani ya vumbi letu, huenda ukaichomeka ikakujibu kwa mlio tu. Kamera ya kwanza ya kidijitali, aliyoitengeneza Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975, iliandika picha kwenye kaseti. Nani leo ana chombo cha kuisoma kaseti ile? Picha ya kidijitali haitunzwi mara moja ukamaliza. Inahamishwa, kila miaka michache, kutoka chombo kinachozeeka kwenda kipya. Sisi wakimbizi tunaijua kazi hiyo.

Basi tuliamua hivi. Boksi la NAS tulinunua, la kawaida, kwa pesa za mchango na za kaka mwenyewe, lakini tulikubaliana kwamba kazi yake ni kuhudumia, kutunza ni kazi ya vitu vingine. Liko kwenye chumba chetu chenye solari na betri. Watu wakija, wanaungana na waifai bila kununua bando, wanatafuta harusi yao, wanachukua. Kando yake kuna diski mbili za nje, zimepangwa kwa mfumo ambao kompyuta yoyote inausoma. Moja inakaa hapa kwenye nyumba nyingine, moja inakaa Mbarara kwa jamaa wa mwenzetu, na kila mwezi zinabadilishana. Picha mia chache tu, zilizopunguzwa, ndizo zimepanda wingu. Kila folda inaanza na mwaka, mwezi, tarehe, halafu mahali na tukio: 2023-08-12, Juru, harusi. Na kila mara baada ya kunakili, mtu anafungua picha kumi bila kuchagua, kuona kama kweli zinafunguka.

Jambo lililotugombanisha zaidi lilikuwa siri. Wako watu hapa ambao wasiowatakia mema hawapaswi kujua wanakaa kijiji gani. Diski ikienda Mbarara inasafiri na nyuso zao. Kwa hiyo imefungwa kwa nenosiri, nalo wanalijua watu watatu, na mtu akisema picha yake itolewe inatolewa kwenye nakala zote. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, lakini hata isingekuwepo, ni adabu.

Hapo nina neno kwa ndugu zetu wa mashirika. Mnatupiga picha sana. Mnapiga siku ya maji, siku ya wakimbizi, siku ya wageni. Mkataba wenu ukiisha, laptopu inaondoka na picha zinaondoka. Hatuwaombi pesa ya boksi jingine. Mkija na diski tutawanakilia za kwetu mnazoruhusiwa, nanyi mtuachie za kwenu, pamoja na tarehe na majina ya wenyewe kama wamekubali.

Mwezi wa pili tangu tuanze alikuja maman mmoja wa Juru. Mumewe tulimzika 2021, na simu iliyokuwa na picha zake iliibwa sokoni. Hakukumbuka kama marehemu aliwahi kupigwa picha na kaka yetu. Tulijua tu alikuwa mwimbaji wa kwaya, tukafungua folda za harusi za mwaka 2019 moja baada ya nyingine. Saa mbili. Alikuwa kwenye harusi ya jirani, safu ya nyuma, mdomo wazi, anaimba. Maman hakusema kitu muda mrefu, kisha akauliza kama inaweza kuchapishwa nne: yeye, watoto wawili walioko Kampala, na shemeji yake Bukavu.

Diski ya mwezi huu inaondoka Jumamosi asubuhi. Tunaifunga kwa kitenge, tunaiweka ndani ya sufuria yenye kifuniko, kwa sababu ya vumbi na mashimo ya barabara ya Isingiro, na anayeibeba haruhusiwi kupanda boda.