Neema, Kuokoka na Kukiri: Maneno Matatu ya Uamsho kutoka Gahini hadi Gacaca

Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya maneno matatu katika lugha ya Wakristo wa Afrika Mashariki: neema, kuokoka na kukiri. Maneno hayo yanafuatwa kupitia Uamsho ulioanzia Gahini, mashariki mwa Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Hoja inayotetewa ni kwamba wafasiri wa Biblia waliwapa waumini nomino, lakini maana ya nomino hiyo ilikamilishwa na vitenzi vilivyotumika katika vikao vya ushuhuda. Vitenzi hivyo vilikuwa na nguvu kubwa. Vilikuwa pia na upungufu wa kisarufi ambao ulikuja kuwa upungufu wa kihistoria, na ni upungufu huo ambao makala yanauchunguza kwa kina zaidi.

Mwanaisimu hana kipimo cha imani iliyomo moyoni mwa mtu. Anachokiona ni nani ametajwa kuwa mtenda, nani mtendwa, na nani ameachwa nje ya sentensi. Kwa mada hii, hilo linatosha.

Nomino na jamaa zake

Neno neema limetokana na Kiarabu, na katika Kiswahili cha pwani lilikuwa na maisha marefu kabla ya misheni. Mwaka wa neema ni mwaka wa mvua na mavuno. Mtu aliyeneemeka ni mtu aliyepata mali, watoto, afya na utulivu. Mtoa neema ni Mungu, hilo halikuwa na shaka kwa Mwislamu wa Lamu wala wa Unguja. Lakini neema yenyewe ilionekana kwa macho, ghalani na mezani. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere aliyefuata baadaye Zanzibar alichapisha Agano Jipya la Kiswahili mwaka 1879. Wao na wenzao walifanya kazi ndani ya lugha ambayo tayari ilikuwa na msamiati kamili wa dini. Hawakuwa wakijenga juu ya kiwanja kitupu.

Si wote waliofurahia urithi huo. Karl Roehl, ambaye Biblia yake kamili ilitoka mwaka 1937, alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake, hata amani ikawa utengemano. Jaribio hilo lina wapenzi wake hadi leo, lakini halikushinda. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 ilibaki na neema, na neno hilo likawa la makanisa karibu yote ya Kiprotestanti yanayotumia Kiswahili.

Majirani walichagua njia nyingine. Biblia ya Kiganda hutumia ekisa, neno la huruma na upole wa moyo. Kinyarwanda na Kirundi hutumia ubuntu. Msomaji aliyezoea ubuntu wa wanafalsafa wa kusini mwa bara atashangaa kidogo hapa, kwani katika Kinyarwanda ubuntu ni ukarimu, na kitu kilichotolewa ku buntu ni kitu kilichotolewa bure, pasipo malipo. Kwa hiyo mhubiri aliyevuka kutoka Kampala hadi Gahini na kutoka Gahini hadi Dodoma alikuwa akihubiri fundisho moja kwa picha tatu: moyo unaohurumia, mkono unaotoa bure, na shamba lililonawiri. Ya tatu, ambayo ndiyo yetu, ina hatari yake. Anayesikia neema kwa sikio la pwani anaweza kudhani kwamba aliyekosa mavuno amekosa pia kibali cha Mungu. Mahubiri ya mafanikio yanayosikika leo katika miji yetu hayakuhitaji kubuni maana hiyo. Yaliikuta ndani ya lugha.

Gahini

Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya CMS, alifika Gahini mwaka 1928, wakati njaa iliyoitwa Rwakayihura ilipokuwa ikiwamaliza watu wa mashariki mwa Rwanda. Kazi zake za kwanza zilikuwa za chakula na wagonjwa. Ni vigumu kufikiria mahali ambapo neema kwa maana ya ghala lililojaa ingeweza kuhubiriwa kwa shida zaidi. Mwezi Septemba 1929, akiwa amechoka, alikutana Namirembe, Kampala, na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akitafuta kile kile alichokitafuta yeye. Wawili hao walisoma Biblia na kuomba pamoja. Wanahistoria wengi huuanzia Uamsho hapo, na sioni sababu ya kuwapinga, ingawa ningeongeza kwamba kukutana kwa Mwafrika na Mzungu kama watu wawili wenye upungufu mmoja kulikuwa, kwa mwaka ule, jambo geni kuliko maombi yenyewe.

Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikwenda kufundisha Gahini. Yosiya Kinuka alikuwa msaidizi katika hospitali ya pale. Mwishoni mwa mwaka 1933 mkutano wa Gahini uligeuka kuwa kikao cha watu waliosimama mmoja mmoja na kutaja dhambi zao mbele ya wenzao. Kigozi alifariki mwezi Januari 1936, akiwa bado kijana, na neno lake la Kiganda, Zukuka, yaani amka, likabaki kuwa kauli ya vuguvugu lote. Mwaka 1937 ujumbe wa Uamsho ulifika Kabete, Kenya. Kabla ya muongo huo kwisha, moto ulikuwa umeshawaka Bukoba pia.

Walioguswa walirudisha walivyoiba. Walikwenda kwa waliowakosea wakaomba msamaha. Wamisionari nao walitakiwa kutubu mbele ya Waafrika, na baadhi yao walifanya hivyo, wengine walikasirika. Viongozi wa kanisa hawakujua wafanye nini na watu hawa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa miongoni mwao.

Nimeokoka

Katika Waefeso 2:8 Kiswahili hutumia kitenzi katika kauli ya kutendwa: mmeokolewa. Kiambishi cha kutendwa humlazimisha msikilizaji aulize, na nani? Mtenda yupo hata asipotajwa. Lakini watu wa Uamsho, kila waliposema Kiswahili, hawakusema nimeokolewa. Walisema nimeokoka. Kauli hiyo ya pili haidai mtenda. Mtu huokoka ajalini, huokoka katika mafuriko, huokoka vitani. Sentensi imekamilika bila mwokozi kutajwa.

Tofauti hii isitiwe chumvi. Mshuhudiaji wa Uamsho alimtaja Mwokozi katika sentensi iliyofuata, na damu ya Yesu haikukauka midomoni mwake. Hata hivyo, umbo la kitenzi lina athari zake. Nimeokolewa husimulia tendo la mwingine. Nimeokoka huelekea kueleza hali ya msemaji, na hali inaweza kuwa daraja, na daraja linaweza kuwa kundi. Ndivyo walivyopatikana balokole, waliookoka, na upande wa pili wao wakapatikana wasiookoka, hata kama wamebatizwa na wanakaa kiti kimoja nao kanisani. Malalamiko ya maaskofu ya miaka ya 1940 kuhusu kiburi cha kiroho yalikuwa kwa sehemu malalamiko juu ya sarufi.

Kilichozuia neno hilo lisiwe cheo tupu ni neno la tatu, kukiri. Aliyeokoka alitakiwa kutembea nuruni, maana yake kuendelea kutubu kila juma mbele ya ndugu waliomjua. Hapa ndipo neema ilipopata maana yake mpya. Methali yetu husema mchumia juani hulia kivulini, na ni methali nzuri kwa mkulima. Kikao cha ushuhuda kiliigeuza: aliyekuja pale bila chochote cha kuonyesha ndiye aliyepewa nafasi ya kwanza. Neema ilitoka ghalani ikaingia kwa mtu aliyekuwa amefilisika na amekubali kusema hivyo hadharani.

Gharama

Msamiati huu ulijaribiwa. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952, waumini wengi wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema kwamba waliokwisha kushiriki damu ya Kristo hawawezi kunywa damu nyingine. Wengi wao walikataa vilevile kubeba silaha za serikali. Baadhi waliuawa. Mtu anaweza kutokubaliana nao kuhusu ukoloni, na mimi ni mmoja wa wanaoona kwamba walikawia mno kuutaja kwa jina. Lakini hawezi kusema kwamba hawakumaanisha walichokiri.

Mwezi Januari 1964, huko Nyamata, Rwanda, mchungaji Yona Kanamuzeyi alichukuliwa na askari na kuuawa. Alikuwa akiwahudumia Watutsi waliohamishiwa eneo hilo. Mwezi Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Uganda chini ya utawala wa Idi Amin. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma na kuhubiri kwa Kiswahili sehemu nyingi za ukanda huu, alikimbia nchi mwezi huohuo. Mwaka huo alichapisha kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Amin. Wengi waliona jina hilo kuwa tusi kwa wafiwa. Kwa Kivengere lilikuwa matokeo ya kawaida ya kanuni ya Gahini: aliyesamehewa bure hana ruhusa ya kumtoza mwingine.

Abarokore na abarokotse

Mwaka uleule wa mkutano wa Gahini, 1933, utawala wa Wabelgiji ulianza sensa ambayo iliwagawa Wanyarwanda kuwa Wahutu, Watutsi na Watwa, na mgawanyo huo ukaandikwa katika kadi za utambulisho. Mambo hayo mawili yalitokea katika nchi moja, kwa watu walewale, na ni mara chache husimuliwa pamoja. Ushuhuda wa Uamsho uliijua chuki. Wahutu na Watutsi waliombana msamaha katika vikao hivyo, na matukio hayo yalikuwa ya kweli. Lakini yalikiriwa kwa nafsi ya kwanza umoja: nilichukia, nilidharau, niliiba. Wimbo wa Uamsho, Tukutendereza, umeanza na tu-, wingi wa wanaosifu. Toba ilianza na ni-. Hapakuwa na umbo lililozoeleka la kukiri kadi, sensa, shule iliyochagua watoto kwa kabila, au kanisa lililogawa vyeo vyake kwa kipimo hichohicho. Dhambi isiyo na mtu mmoja wa kuitaja ilibaki bila kutajwa.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza mwezi Aprili 1994, Wanyarwanda walio wengi walikuwa Wakristo waliobatizwa. Ni haki kukumbusha kwamba Wakatoliki walikuwa wengi zaidi, na kwamba Uamsho ulikuwa umebaki mkondo mmoja tu miongoni mwa Waprotestanti. Hata hivyo, nchi iliyouzaa Uamsho ndiyo nchi ambayo watu waliuawa ndani ya makanisa, Nyamata ikiwa mojawapo ya mahali hapo.

Kinyarwanda kiliwaita watu wa Uamsho abarokore. Walionusurika mwaka 1994 huitwa abarokotse. Mzizi ni mmoja, na Kiswahili hakina njia ya kuukwepa mfanano huo, kwani waliookoka ni hawa na wale. Walikuwapo abarokore ambao hawakurokoka. Wengine miongoni mwao waliwaficha majirani na wakafa kwa ajili hiyo. Na wapo waliookoka ambao hawataki tena kulisikia neno hilo likitamkwa mimbarini. Mtafiti anayekusanya msamiati wa dini katika eneo hili hana budi kuziandika maana zote mbili katika kitomeo kimoja.

Mahakama za gacaca, zilizofanya kazi nchi nzima kuanzia 2005 na kufungwa mwezi Juni 2012, zilisikiliza karibu kesi milioni 2. Sheria yake iliweka utaratibu wa kukiri. Kitenzi kilichotumika ni kwirega, yaani kujishtaki, kikifuatwa na kukubali kosa, kujuta na kuomba msamaha. Anayekijua kikao cha Uamsho atautambua mfuatano huo mara moja. Tofauti zake nazo ni za maana. Aliyekiri mbele ya gacaca alipunguziwa adhabu, kwa hiyo kukiri kulikuwa na malipo, jambo ambalo haliwezi kuitwa ubuntu kwa maana ya kitu cha bure. Upande mwingine, sheria ilidai kile ambacho ushuhuda wa zamani haukukidai: majina ya waliokufa, mahali miili ilipotupwa, na majina ya wenzake waliokuwapo. Iliivuta toba kutoka ni- hadi tu-.

Ipo tofauti moja zaidi. Katika kikao cha Gahini, aliyeokoka alikuwa mpokeaji. Mtoaji alikuwa Mungu. Mbele ya gacaca, aliyeokoka alikaa kwenye majani akiombwa na jirani yake atoe msamaha, na umati ukimtazama. Sheria ilimtaka mshtakiwa aombe. Haikumlazimisha manusura ajibu.