Kaya na Kipimo cha Jiwe

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 huhesabu kuwa athari ya kale kile kilichofanywa na mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863, na sheria ya Kenya ya mwaka 2006 imeweka mpaka wake mwaka 1895, ambao ndio mwaka Waingereza walipotangaza himaya yao. Na ijapokuwa zote mbili zimemwachia waziri uwezo wa kutangaza mahali penginepo, mazoea yaliyoota juu yake ni kwamba gofu la mawe hupokewa bila ya hoja, ilhali mahali pasipo ukuta hudaiwa ushahidi.

Juu ya Gedi, magofu ya mji wa mawe katika pwani ya Kenya, yaliyohifadhiwa tangu mwaka 1927, hapana mabishano. Khitilafu yangu ni na wale wasemao kwamba thamani ya mahali hupimwa kwa mabaki yaonekanayo, maadamu kumbukumbu za watu hugeuka na mawe hayageuki.

Dai hilo na lipimwe kwa kaya za Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Zilikuwa miji yenye maboma ndani ya misitu, yenye njia na milango maalumu, na fingo, yaani dawa ya kinga ya mji, limezikwa katikati. Wenyewe walipohamia mashambani, nyumba za miti na nyasi zikaoza, likabaki pori ambalo, kwa sababu ya miko iliyolindwa na wazee, halikukatwa mti wala kulimwa, hata pale ardhi ya jirani ilipokwisha kabisa. Mchimbaji angeokota vigae, akaenda zake. Lakini ni Kaya Fungo ambako mwanamke Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama, ambao ni miongoni mwa Wamijikenda, mwaka 1913 wakala kiapo cha kutowatumikia Waingereza, na ni kaya hiyo hiyo ambayo serikali iliilipua kwa baruti mwaka 1914. Dola haipeleki baruti kwenye miti mitupu: adui alikwisha tambua uzito wa mahali ambapo kwa kipimo cha jiwe pangalipitwa. Kaya zilianza kutangazwa mwaka 1992 tu, na mwaka 2008 misitu kadhaa ya kaya ikaingizwa katika Urithi wa Dunia.

Nitaambiwa kwamba kila ukoo utadai mti wake. La, kwani kipimo nikitakacho si kukumbuka, bali kugharimika: ni shamba gani lililoachwa, kuni zipi zilizokosekana, kwa vizazi vingapi, na je, miko iliwafunga hata wasiofaidika nayo? Tena nitaambiwa kwamba wazee watakufa. Ni kweli, na jambo hili lanihuzunisha. Lakini mawe nayo huanguka yasipotunzwa, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalikaa katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu mwaka 2004 hata 2014.

Kwa hiyo ushahidi wa mzee uandikwe kabla ya kamba ya kupimia kuta kukunjuliwa. Na kisima kisichojulikana mchimbaji wake, ambacho wanakijiji hawajapata kufulia nguo kandoni mwake, kitangulie mbele ya nyumba ya liwali ambaye hapana tena amtajaye.