Kisiwa cha Chumbe na Kiasi cha Wageni

Kisiwa cha Chumbe kiko kusini-magharibi ya mji wa Unguja, mwendo wa kilomita 12 hivi kwa bahari. Mnara wa taa ulijengwa pale mwaka 1904, na kwa miaka mingi wakazi wake hawakuwa ila watunzaji wa taa hiyo. Upande wa magharibi hupita njia ya meli, na kwa sababu hiyo uvuvi haukuruhusiwa huko. Hivyo matumbawe yake yakasalimika, hali kwingineko pwani yalikuwa yakivunjwa kwa baruti na kwa majuya ya kukokota.

Lakini ulinzi wa bahati haudumu. Katika mwanzo wa miaka ya 1990, Bibi Sibylle Riedmiller, Mjerumani, alianza kuiomba Serikali ya Zanzibar idhini ya kukihifadhi kisiwa, na mwaka 1994 hifadhi ikatangazwa kwa sheria, usimamizi wake ukiwa mikononi mwa kampuni ya watu binafsi.

Wageni wakaanza kupokewa mwaka 1998. Nyumba za kulala zilijengwa 7 tu. Maji yake ni ya mvua inayokingwa mapaani, na umeme wake ni wa jua. Wenye tamaa wangejenga 70, lakini mtaka yote hukosa yote: maji machafu na nyayo za umati zingeyaua matumbawe yale yale ambayo mgeni amekuja kuyatazama. Fedha za hao wachache ndizo zilizolipa mishahara ya walinzi na safari za wanafunzi waliopelekwa kujifunza habari za bahari.

Ama walinzi wenyewe, wengi walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu. Silaha hawana, kazi yao ni kuwaeleza wenzao kwamba samaki wakizaliana kwa amani ndani ya hifadhi, hutoka wakaingia katika mitego iliyo nje. Hoja hiyo huwa nzito inapotoka kinywani mwa mvuvi.

Hata hivyo, mpango huu una udhaifu wake. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipozuia safari duniani, pato la wageni lilikatika, lakini bahari haikuacha kuhitaji walinzi. Basi kiasi kinachoyaokoa matumbawe hakina budi kuambatana na akiba, kwani hifadhi inayomtegemea mgeni peke yake hulindwa maadamu mgeni anakuja.