Jiji Lililolipigia Bomu Kura ya Hapana

Kwa miaka mingi, mfanyabiashara aliyetaka kuliuzia jiji la Oakland, California, kompyuta au karatasi za ofisini alikuta fomu moja ya kushangaza kwenye kabrasha la zabuni. Haikumuuliza bei wala siku ya kuleta mzigo. Ilimtaka atamke kwamba kampuni yake haishughuliki na silaha za nyuklia. Fomu hiyo ni masalia ya sheria ambayo wananchi waliipitisha wenyewe kwa kura, nayo ikafia mahakamani kabla ya kutimiza miaka miwili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Marekani na Muungano wa Kisovieti zilikuwa zikishindana kulimbikiza makombora. Tarehe 12 Juni 1982 watu wapatao milioni moja waliandamana New York kupinga mashindano hayo. Mwaka huohuo wakazi wa mji mdogo wa Garrett Park, Maryland, walipiga kura kuutangaza mji wao kuwa eneo lisilo na nyuklia. Takoma Park ilifuata mwaka 1983, na Berkeley, jirani wa Oakland, mwaka 1986. Serikali kuu haikuhangaika sana na matamko ya miji midogo. Nani angejenga bomu Garrett Park?

Oakland ilikuwa habari nyingine. Ni mji wa bandari, na siku hizo ulikuwa na kambi ya jeshi la nchi kavu na bohari kubwa ya jeshi la majini. Ng'ambo tu ya maji, kituo cha Alameda kilipokea manowari za kubeba ndege, baadhi zikiendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Mwendo wa kama saa moja kwa gari ilikuwapo maabara ya Livermore, ambako mabomu ya nyuklia husanifiwa.

Novemba 1988, katika uchaguzi uleule uliompa George H. W. Bush urais, wapigakura wa Oakland waliridhia Pendekezo T. Sheria hiyo ilikuwa na meno. Ilipiga marufuku kazi za silaha za nyuklia ndani ya jiji, ikaweka masharti kwa wasafirishaji wa vitu vyenye mionzi, na ikalikataza jiji lenyewe kununua bidhaa kutoka kwa watengenezaji wa silaha hizo au kuwekeza fedha kwao.

Mwaka 1989 serikali ya shirikisho ililishtaki jiji. Hoja zake zilikuwa za kikatiba. Ibara ya 6 ya Katiba ya Marekani huiweka sheria ya shirikisho juu ya sheria za majimbo na miji. Tangu kesi ya McCulloch ya mwaka 1819, jimbo la Maryland lilipojaribu kuitoza kodi benki ya taifa, mahakama zimeshikilia kwamba serikali ya chini haiwezi kuifunga mikono ile ya juu. Ulinzi wa nchi, serikali ilisema, ni kazi ya Bunge la taifa na Rais, na nguvu za atomiki zina sheria yake ya shirikisho.

Hapo palikuwa na mtego mwingine. Mwaka 1983 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliiruhusu California kuzuia vinu vipya vya nyuklia kwa sababu za kiuchumi, lakini ikasisitiza kuwa usalama wa mionzi ni mamlaka ya shirikisho. Basi hofu ya mionzi, ambayo ni moja ya sababu za kawaida za mwananchi kuikataa nyuklia, ndiyo sababu ambayo sheria ya mji haikuweza kuiegemea.

Agosti 1990 Jaji John Vukasin aliibatilisha sheria ya Oakland.

Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Oakland haikuweza kuukata, wala haikuubusu. Mwaka 1992 ilitunga sheria mpya iliyoliacha jeshi na shughuli zake, ikashika kilicho chake: mfuko wa jiji. Mahakama zimewahi kukubali kwamba serikali inapoingia sokoni kama mnunuzi inaweza kuchagua muuzaji, ingawa uhuru huo una mipaka. Mwaka 2000 Massachusetts ilishindwa kesi baada ya kuyabagua makampuni yaliyofanya biashara na Burma.

Mfuko nao una maumivu yake. Huko Berkeley, maktaba ya umma ilitegemea mashine za kuazimia vitabu, na kampuni ya kuzihudumia, 3M, haikutaka kusaini tamko la kutojihusisha na nyuklia. Mwaka 2009 baraza la jiji lililazimika kutoa ruhusa maalumu. Sheria iliyotungwa kulipinga bomu ilikuwa imewakwamisha wasomaji wa vitabu.

Na kambi zile? Kituo cha Alameda kilifungwa mwaka 1997, na kambi ya jeshi ya Oakland mwaka 1999. Zilifungwa kwa uamuzi wa Washington, Vita Baridi vilipokwisha na bajeti ya ulinzi kupunguzwa. Kura ya mwaka 1988 haikuondoa hata askari mmoja. Ilichoacha ni fomu ya zabuni, pamoja na funzo kwa yeyote anayekusanya saini ili kubadili sheria ya mji wake: kabla ya kuuliza wangapi watakuunga mkono, uliza jambo hilo liko mikononi mwa nani.